Nani anagusa? Namna ya kulileta neno "smooth" kwenye Kiswahili

Mwaka wa kwanza nilioanza kulipwa kwa kutafsiri vibandiko vya bidhaa, nililetewa kopo la rangi ya ukutani. Mbele ya kopo kulikuwa na maneno mawili makubwa ya Kiingereza: smooth finish. Nikaandika "umaliziaji laini", nikatuma, nikalipwa, nikasahau.

Miezi michache baadaye nilikuwa Keko, kwenye karakana ya baba yangu, fundi seremala. Jirani yake, fundi rangi, alikuja na kopo lile lile. Akaligeuza, akasoma, akanitazama. "Dada, wewe ndiye msomi hapa. Hii rangi haikauki? Umaliziaji laini ndiyo nini, ukibonyeza inabonyea?" Na kidole gumba akakisukuma hewani, kama mtu anayepima embe sokoni.

Sikuwa na jibu. Baba ndiye aliyejibu, bila kusema na mimi wala na yule fundi. Alichukua kipande cha mninga alichokwisha kukipiga randa, akapitisha msasa namba 240 mara tatu nne kwa kufuata mkondo wa ubao, akapuliza vumbi, akanipa. "Pitisha mkono. Laini?" Nikasema ndiyo, laini. Akakigonga kwa kifundo cha kidole: ko, ko. "Huu ni mgumu, mwanangu. Huu haukulainika. Huu umenyooka."

Tangu siku ile sijaliandika neno "laini" mbele ya "smooth" bila kusimama kwanza. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya mezani kwangu, na nimeyaandika kwa ajili ya yeyote anayetafsiri: vibandiko, vitabu vya shule, maelezo ya dawa, mapishi, chochote.

Anza kwa kulijua neno lenyewe

Kwenye Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, neno hili lilikuwa na sura mbili, smoth na smethe, na ile ya pili ndiyo iliyotumika zaidi. Baadaye ya kwanza ikashinda, ya pili ikabaki vichakani. Mahali pamoja ambapo smethe bado inaonekana ni katikati ya London, kwenye soko la nyama la Smithfield. Watu wengi husikia "smith", mhunzi, wakadhani palikuwa na wafua vyuma. Sivyo. Ni smethe na feld, yaani uwanda ulio sawa. William Fitzstephen, aliyeieleza London mnamo 1174, aliutaja kuwa uwanja tambarare, ambako kila Ijumaa watu walikwenda kuuza na kununua farasi wazuri. Farasi anayejaribiwa mbio anahitaji ardhi isiyo na mashimo wala visiki.

Mfano huo nimeushika sana, kwa sababu unaonyesha moyo wa neno. Uwanja wa farasi si laini hata kidogo. Ukiwa laini farasi anazama. Uwanja ule ulisifiwa kwa kile usichokuwa nacho: hauna mashimo, hauna vichuguu, hauna kitu cha kukwaza mguu. Kwa Mwingereza, "smooth" ni kukosekana kwa kikwazo.

Sasa tazama "laini" yetu. Imetoka kwenye Kiarabu, layyin, na kule inamaanisha kitu kinachokubali kubonyezwa, kinachopindika, na vilevile mtu mpole. Ilipofika kwetu ikapanuka: tuna unga laini, kitambaa laini, sauti laini, hata moyo laini. Ikaigusa na maana ya kutokwaruza, ndiyo maana inatudanganya. Lakini shina lake ni ulaini wa godoro, wa mkate, wa embe bivu. Kiingereza kina maneno mawili, "smooth" na "soft", pale ambapo sisi mara nyingi tuna moja, kwa hiyo kila unapoandika "laini" msomaji ana haki ya kusikia "soft". Yule fundi rangi hakukosea kusoma. Mimi ndiye niliyekosea kuandika.

Mfano mwingine ninaoupenda umo kwenye kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Yakobo anamwambia mama yake kwamba kaka yake Esau ana nywele mwili mzima, na yeye, kwa Kiingereza cha tafsiri ya 1611, ni "a smooth man". Ukiandika hapo "mimi ni mtu laini", msomaji wa leo atasikia mtu goigoi, mwepesi wa kudanganywa, na hadithi inageuka kichekesho, kwa sababu Yakobo ndiye anayekwenda kudanganya. Ona pia nini kinafuata: Isaka haoni, anapapasa. Rebeka anamfunika Yakobo mikono na shingo kwa ngozi za wana-mbuzi, mzee anagusa, anapata nywele, anaamini. Kisa kizima kiko kwenye viganja vya kipofu. Na Kiswahili kina neno lake kamili kwa jambo hili: malaika, zile nywele fupi za mwilini. "Esau amejaa malaika, mimi mwilini sina." Hakuna haja ya laini kabisa.

Uliza ni kiungo gani kinachogusa

Hili ndilo swali langu la kwanza sasa, na nusu ya kazi huisha hapo. Kiingereza kinatosheka na neno moja kwa mkono, mguu, jicho, koo na sikio. Kiswahili kinataka kujua nani anayeisikia hiyo hali.

Kama ni mkono juu ya ngozi ya mtu, tunalo neno zuri kuliko laini: -ororo. Linafuata ngeli, jambo ambalo wengi wanalisahau kwa sababu wamezoea umbo moja tu. Ngozi nyororo, lakini mkono mwororo. Mtoto mchanga ana shavu jororo, na mkate uliochachuka vizuri ni mwororo vilevile. Kwa mafuta ya ngozi mimi huandika "nyororo" na kuiacha "laini" kwa sabuni ya kufulia, maana ile kweli inalainisha nguo.

Kama ni mkono juu ya kitu kigumu, jiwe, ubao, ukuta, chuma, acha -ororo na acha laini. Hapa nitakaa kwa muda baadaye, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri.

Kama ni mguu, jihadhari. "Smooth" chini ya mguu au chini ya gurudumu inaweza kuwa sifa au hatari. Sakafu ya marumaru ikilowa ni telezi. Tairi iliyoliwa ni kipara, na kila dereva wa daladala atakuelewa ukisema tairi imekuwa kipara, hatakuelewa ukisema tairi laini. Barabara, kwa upande mwingine, ni sifa: barabara haina mashimo, gari linateleza tu. Kitenzi kile kile kimegeuka kuwa raha, kwa sababu sasa anayeteleza ni gari na abiria ametulia.

Kama ni koo na ulimi, tafuta mpishi. Unga mzuri wa uji ni laini, na kinyume chake ni chenga. Hapo laini imekaa mahali pake bila mjadala. Lakini uji wenyewe hausifiwi kwa ulaini, unasifiwa kwa kutokuwa na madonge. Mapishi ya Kiingereza yanaposema koroga "until smooth", mimi naandika "koroga mpaka madonge yaishe". Siagi ya karanga inauzwa ya aina mbili, na nimeziandika "iliyosagwa ikalainika" na "yenye chembechembe za karanga". Kahawa "smooth" ni kahawa isiyokwaruza koo.

Jicho lina lake pia. Maji ya ziwa yaliyotulia asubuhi, bila upepo, Mwingereza atayaita "smooth". Watu wa pwani wana neno moja ambalo sijaona mfano wake: shwari. Bahari shwari. Neno hilo limepanda nchi kavu zamani, leo mtu wa Dodoma ambaye hajapanda ngalawa anakujibu mambo shwari. Kwa hiyo "everything went smoothly" usiitafutie laini. Mambo yalikwenda shwari, au yalikwenda bila mushkeli, na sentensi inapumua.

Sikio halihitaji maelezo marefu. Sauti nyororo, basi.

Tafuta mkono uliofanya kazi

Narudi kwa kitu kigumu, na narudi kwenye karakana ya baba.

Kiingereza hupenda kukipa kitu sifa kana kwamba kilizaliwa nayo: a smooth board, a smooth stone, a smooth wall. Kiswahili, kwa jinsi ninavyokisikia kwa mafundi, hupenda kusema kilichofanyika. Ubao umepigwa randa. Ukuta umenyooka. Shuka limenyooshwa. Nywele zimelazwa. Unga umechekechwa. Kila mara kuna mkono, na kila mkono una kitenzi chake. Ukikipata kitenzi umepata tafsiri, na mara nyingi umempa msomaji zaidi ya alichopewa na Kiingereza.

Neno msasa lenyewe linafundisha. Leo tunafikiria karatasi yenye mchanga, inayouzwa kwa namba: 80 ya kukwangua, 120 ya kati, 240 ya kumalizia. Lakini msasa kwanza ni mti, jamaa ya mikuyu, ambao majani yake ni makavu na yanakwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi waliyatumia kusugulia mbao kabla ya karatasi kufika madukani, na karatasi ilipofika ikarithi jina. Baba alinionyesha jani hilo nikiwa mdogo, Tanga, nyuma ya nyumba ya babu. Alinipa nilisugue kwenye mwiko mpya, na nakumbuka jinsi vidole vyangu vilivyowasha kabla mwiko haujabadilika chochote. Kwa hiyo "sanded smooth" ni "uliopigwa msasa", na neno lina mizizi kwenye udongo wetu.

Na mawe? Daudi, kabla ya kupigana na Goliathi, anaokota mawe matano kijitoni, na Kiingereza kinayaita "smooth". Mawe ya kijitoni yana fundi wake pia, maji. Mimi nayaita "mawe matano yaliyosuguliwa na maji". Yako magumu vilevile, yanaua vilevile, na msomaji anaona mto.

Kopo la rangi, nilipopewa nafasi ya kulirekebisha, liliandikwa hivi: "Huuacha ukuta umenyooka, bila michirizi wala alama za brashi." Ni maneno mengi kuliko mawili ya Kiingereza, na mteja alilalamikia nafasi kwenye kibandiko. Nilimwambia apunguze picha. Nilisimamia hapo na sijutii, kwa sababu mnunuzi anayesoma kopo dukani Kariakoo anataka kujua ukuta wake utakuwaje.

Ndugu za neno hili, na mahali walikotoka

Ukifika kwenye matangazo ya nguo na nywele utakutana na ukoo mzima: silky, satiny, velvety, sleek, slick. Usiwamalize wote kwa laini. Habari njema ni kwamba hapa Kiswahili kimejaa, maana bandari zetu zilipokea vitambaa hivi kwa karne nyingi.

"Silk" ya Kiingereza ni ya kale sana, na kupitia Kilatini na Kigiriki inafuatwa mpaka kwa Seres, jina ambalo Wagiriki waliwaita watu wa mashariki ya mbali walikotoka nguo hizo. Sisi tuna hariri, kutoka Kiarabu. "Nywele kama hariri" inaeleweka na kila mtu.

"Satin" wengi wanaitoa kwenye Zaytun, jina la Waarabu kwa mji wa bandari wa Quanzhou, China. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika baadaye na Zaytun, akaandika kwamba vitambaa vya huko viliitwa kwa jina la mji, na kwamba ingawa jina linafanana na zaituni, mji hauna mizaituni. Sisi tuna satini ya siku hizi, lakini tuna neno kongwe zaidi, atlasi. Wengi wa rika langu wakisikia atlasi wanafikiria kitabu cha ramani, ambacho ni neno lingine kabisa, lililotoka kwa jina la jitu la Kigiriki. Atlasi ya kitambaa ni Kiarabu, atlas, na maana yake ya asili ndiyo hasa tunayoitafuta: kitu kilichosuguka kikabaki bila nywele. Yaani neno la Kiswahili lililokaribia zaidi maana ya "smooth" lilikuwa kabatini kwa bibi zetu, kwenye nguo za harusi. Ningependa lirudi. Kwa mapazia na mashuka naandika "kama atlasi" kila ninapoweza.

"Velvet" ni kinyume chake, na hili lilinishangaza. Limetoka kwa villus ya Kilatini, manyoya. Mahameli yetu nayo, kwa njia ya Kiarabu, imetoka kwenye mzizi unaohusu vinyweleo vya kitambaa. Ulaini wa mahameli unatokana na kuwa na manyoya, ilhali wa atlasi unatokana na kukosa. Ukipitisha mkono kwenye mahameli kuelekea upande mmoja inalala, kuelekea upande mwingine inasimama. Kwa hiyo "velvety" haifai kufasiriwa kwa neno lile lile la "satiny", hata kama Kiingereza cha matangazo kinayachanganya.

"Sleek" na "slick" zamani zilikuwa neno moja, kisha njia zikaachana. Sleek ilibaki na mng'ao wa afya: manyoya ya paka aliyeshiba, farasi aliyetunzwa. Kaisari wa Shakespeare anapotaka azungukwe na watu wanene wenye vichwa "sleek", anataka watu walioshiba, waliochana nywele, wanaolala usiku. Mimi huandika "waliong'aa kwa shibe". Slick ilielekea kwenye mafuta na utelezi, na kutoka hapo kwenye ujanja.

Ulimi

Ujanja unatupeleka kwa mtu mwenye ulimi "smooth". Zaburi ya 55 inamtaja rafiki ambaye kinywa chake kinateleza kuliko siagi huku moyo wake una vita. Kiebrania nacho hutumia mzizi mmoja kwa ngozi ya Yakobo na kwa maneno ya kubembeleza, kwa hiyo wazo hili ni la kale kuliko Kiingereza.

Kiswahili kinamjua mtu huyu vizuri, na hapa tafsiri inategemea nani anasema na nani. Mwanamume anayemtongoza msichana kituoni, kwa Kiswahili cha Dar anapiga saundi. Anayekusifu ili upumbae anakuvika kilemba cha ukoka. Anayekufariji kwa ahadi zisizo na kitu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na huu msemo wa mwisho naupenda kuliko yote, kwa sababu ndani yake kuna ngozi, kuna mafuta, kuna mguso, na hakuna tone linalotoka. Kwa hadithi yoyote yenye "smooth talker" anza kwa kuchagua kati ya hawa watatu. "Mwenye maneno matamu" weka pembeni kwa dharura.

Vitabu vya shule

Hapa punguza ushairi. Swali la fizikia linaposema "a smooth surface", halizungumzii mguso hata kidogo. Linamwambia mwanafunzi asihesabu msuguano. Andika "sehemu isiyo na msuguano". Nimeona tafsiri ya mazoezi iliyosema "meza laini", na mtoto wa dada yangu aliniuliza kama kile kipande cha chuma kingedidimia mezani. Kwenye baiolojia "smooth muscle" ni msuli ambao chini ya hadubini hauna milia, kama ule wa kuta za utumbo. Hata hapo sifa ni kile kisichokuwepo. Ukiandika "misuli laini", basi mara ya kwanza ongeza "isiyo na milia", msomaji asidhani ni misuli dhaifu.

Mwisho, msomee mwenye kazi

Kabla ya kutuma chochote, namsomea kwa sauti mtu anayekigusa kitu hicho kila siku. Simsomei mwalimu wa lugha. Rangi namsomea fundi rangi, cherehani namsomea mshonaji. Simwelezi Kiingereza kilisema nini, ninasoma tu na kumtazama mikono. Akielewa, mikono inajibu: fundi anapitisha kiganja kwenye ukuta usiokuwepo, mshonaji anasugua kitambaa hewani kwa kidole gumba na cha shahada. Mikono ikibaki tuli, neno bado.

Wiki iliyopita nilikuwa na pakiti ya unga wa lishe. Kiingereza kilisema "for a smooth porridge". Nilikuwa nimeandika "kwa uji usio na madonge", nikijua nimefuata ushauri wangu mwenyewe. Nikamsomea mama anayeuza uji asubuhi karibu na kituo chetu cha mabasi. Alisikiliza huku anakoroga, akainua mwiko, akauacha uji udondoke polepole mpaka ukawa kama uzi mmoja.

"Kutokuwa na madonge ni kazi ya mpishi, si ya unga," akasema. "Wewe andika: uji unaoteremka."

Nimeandika hivyo.